Kumpimia Nekesa Pikipiki

Waithaka,
Alhamisi jioni.

Kaka Simiyu,

Naogopa. Nimeona niseme hilo kwanza kabla ya salamu, maana ungekuwa hapa ungeshaliona usoni mwangu tangu mlangoni, na ungekuwa umeanza kucheka kile kicheko chako cha kupiga paja. Naogopa tangu Jumatatu. Chakula hakipiti vizuri. Leo asubuhi nimeshona mfuko wa kaptura ukaziba kabisa, na sikujua mpaka mteja aliponiuliza mtoto wake atatia mkono kupitia wapi.

Nikueleze kilichonifikisha hapa. Jumatatu Bwana Nazir wako wa duka la pikipiki alipiga simu kwenye lile duka la vitambaa kule Parklands, nami wakaniita kutoka barazani, nikaenda kupokea na chaki mkononi. Hakuzunguka. Akasema, "Fundi, zimekuja. Mbili. Ya watoto wa Spring Valley, wamekuwa kubwa, hapana taka tena. Kuja Jumamosi uchague moja ya mtoto ya Simiyu." Nikamwambia kuchagua kitu kama hicho si kazi yangu, kazi yangu ni yunifomu. Akasema, "Yeye alisema, kama hayuko, ni wewe." Nilirudi kwenye cherehani nikakaa tu, mguu juu ya pedali bila kukanyaga.

Kwa hiyo ulijua. Ulijua hutakuwepo, ukakubaliana na Bwana Nazir kwamba kwa miaka yote uliyomtengenezea pikipiki zake, kwodi ndogo ya kwanza itakayorudi dukani kwake itakuwa ya Nekesa. Kisha ukanitaja mimi. Mimi, Simiyu! Mtu unayemjua anashuka kwenye baiskeli akiona mteremko! Katika Nairobi hii nzima ulikosa mtu?

Dukani kwake wanaiita kwodi, kwa ajili ya magurudumu yake manne. Nekesa anaiita pikipiki ya miguu minne, na jina lake ndilo linalonikaa, maana kitu chenye miguu minne kinaweza kuamka na kukimbia na mtoto wa watu. Usiku nikifumba macho nakiona kinakimbia naye.

Nakumbuka ulivyomwahidi. Ulikuwa umeshaacha kwenda kazini, unaota jua mlangoni na blanketi magotini, kile kifua chako kikipiga filimbi. Yeye amekupanda mguuni, anaendesha hewa, vruum, vruum, anakata kona mpaka unashika ukuta. Ukamwambia, "Ukiingia darasa la kwanza, utapata yako." Mimi nilikuwa kwenye stuli namenya chungwa lako. Nilidhani ni maneno ya kumfurahisha mtoto, nikaendelea kumenya.

Basi ameingia darasa la kwanza. Sketi nimemshonea mwenyewe, kola nimeirudia mara mbili. Halii, Kaka. Afadhali angekuwa analia ningejua la kufanya. Kila jioni nikipita kuwaona ananisalimia vizuri kama alivyofundishwa, ananipokea mfuko, halafu anauliza kwa sauti ya chini, "Anko, ya Baba imefika?" Anaiita ya Baba. Utadhani umesafiri kikazi na umesema utaituma.

Habari nyingine za nyumbani ni hizi. Shemeji bado anapika kule shuleni, ila siku hizi akitoka kazini anazunguka njia ya juu, ile yenye tope, ili asipite pale ulipokuwa ukiegesha pikipiki. Helmeti yako imekuwa kitanda cha mwanasesere. Nekesa amemtandikia kitambaa ndani na huwezi kuigusa bila ruhusa. Mama hutuma salamu kutoka Bungoma, na kila mtu anayezileta analeta na swali lile lile, kama mtoto anakula. Anakula. Mimi ndiye nisiyekula, lakini hilo sijamtumia Mama.

Nilipomweleza Shemeji habari ya simu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Akasema, "Nimeshazika mmoja, Wanjala." Basi. Akaendelea kutoa mawe. Nilisimama pale nikingoja aseme hapana. Nakwambia ukweli, nilikuwa nimeshajiandaa kushukuru, ningempigia Bwana Nazir siku ile ile na kumwambia mama mtu amekataa. Hakukataa. Mchele ulikuwa umekaribia kwisha siniani ndipo akasema, "Lakini aliahidi. Na huyu mtoto anajua aliahidi." Akaingia ndani na mchele wake, akaniacha mlangoni.

Ndiyo hali niliyo nayo. Nisipomletea, itakuwa baba yake alimdanganya, na huyo baba hana namna ya kurudi kujitetea. Nikimletea, na likatokea la kutokea, sitaweza kusimama mbele ya yule mwanamke tena, wala sitataka.

Unajua mimi na mashine hatuelewani. Unakumbuka ulivyonibeba mara ya kwanza, mwaka ule tulipohamia Nairobi, themanini na tano, ukitaka kunionyesha Westlands? Nilikushika mkanda kwa mikono yote miwili nikafunga macho kutoka Dagoretti Corner. Kwenye raundabauti nilikuwa naomba kwa sauti, na wewe unaomba kwa kuniiga, "Ee Baba, mwokoe mtumwa wako Breki." Jina hilo likanishika. Hata watu wa gereji wakaniita Breki, hata wateja wako ambao sijawahi kuwaona. Sikulichukia. Niliona ni kweli, na kwamba katika familia ni vizuri awepo mmoja wa namna hiyo.

Jana nilimpima. Nilimdanganya kwamba nataka kumshonea sweta, akasimama wima na mikono pembeni kama ninavyowasimamisha wote. Nimepima mguu kutoka nyonga hadi kisigino, mkono kutoka bega hadi ncha ya kidole cha kati, hata kiganja chenyewe. Nilipofika kwenye kiganja akaniuliza kama sweta lina glavu. Nikamwambia asimame wima.

Angalau kupima najua. Hilo ndilo linalonipa moyo kidogo. Keshokutwa sitaangalia injini, nitaangalia mtoto anaenea wapi. Na uliwahi kuniambia, ukitengeneza moja ya hizo za matajiri wa Spring Valley, kwamba wazazi wote huuliza inakimbia kiasi gani, na hakuna anayeuliza kama mtoto anaifikia breki. Nimelishika hilo. Niombee kama huko mnaombea watu.


Jumapili usiku.

Kaka, nimerudi kwenye barua. Mkono umefungwa kitambaa kwa hiyo utavumilia mwandiko. Nekesa ni mzima. Nalisema mapema usije ukahangaika bure.

Nitakueleza kwa mpangilio, na usinikatize.

Jumamosi nilifika dukani Kirinyaga Road kabla hawajamaliza kufungua milango. Bwana Nazir akanipeleka uani. Zilikuwa zimekaa pale pamoja, moja nyekundu na moja ya manjano, zimeoshwa mpaka matairi. Ile ya manjano, Simiyu, ni kitu kidogo! Kigoda! Vipini vyake vinanifika gotini. Nilicheka, na nilikuwa sijacheka tangu Jumatatu. Nikatoa futi shingoni nikaipima, kiti hadi ubao wa miguu, kiti hadi vipini, kipini hadi mkono wa breki. Ilimwenea Nekesa kabisa. Kila mahali. Haikubaki hata unene wa kidole.

Nikaikataa.

Nataka unielewe. Mimi nashona yunifomu. Miaka yote hii, kila Januari, foleni ya akina mama kwenye ile baraza, wa Kihindi, wa Kikuyu, wa kwetu, wote maneno yao ni mamoja, "Fundi, usisahau ya kukua." Mkono wa sweta ushuke hadi vidoleni, sketi ipite goti, upindo ukunjwe mara mbili ndani ili mwakani ufunguliwe. Mwanzoni mtoto anaogelea ndani ya nguo, mama anaona ni sawa, fundi anaona ni sawa, na mwaka wa pili kila mtu anafurahi. Nguo inayomwenea mtoto leo ni nguo mbovu. Ukiishona, mama yake atairudisha na kukuuliza kama hujui watoto hukua. Mkono wangu hauwezi kukata bila kuongeza, unaongeza wenyewe.

Sasa nilikuwa nimempima Nekesa Jumatano, na usiku nikiwa kitandani nikavirudia vipimo kichwani, na nikaviwekea ya kukua. Mguu nikauongeza. Mkono nikauongeza. Kiganja, Mungu anisamehe, nikakiongeza. Sikukusudia, ndivyo ninavyohesabu mtoto. Nilipoigeukia ile nyekundu nikaipima, ikaja sawasawa na vipimo vyangu kama vile niliiagiza. Nilifurahi, Kaka. Nikasema hii ndiyo, hii itamfikisha mbali.

Bwana Nazir akaiangalia, akaniangalia. "Fundi, hii si kubwa kidogo?"

"Atakua," nikamjibu.

Alikuna ndevu. Yule mzee hapendi kubishana na mtu aliyefiwa, nimeliona hilo tangu matanga. Akasema, "Haya. Tunapeleka yote mbili. Mtoto apande, tuone." Tukazipakia kwenye pikapu yake tukaja Waithaka. Njia nzima nilipakata helmeti ndogo aliyotupatia, mpya, nikiipapasa ndani kuona kama ina ya kukua. Naona aibu kuandika lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tulikwenda uwanja wa nyuma ya kanisa, kwenye majani, kwa sababu Jumamosi hakuna watu. Unaujua. Upande wa chini kuna ule ua wa kayaba, miiba yake inatoboa hata soli ya kiatu. Niliona uko mbali. Shemeji alikuja amevaa nguo za kanisani bila sababu, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Akasimama kule juu, akatugeuzia mgongo. Alisema, "Mkimaliza mniambie." Sikujua mtu anaweza kuogopa kwa mgongo, lakini nilikuwa nauona mgongo wake na ulikuwa unaogopa.

Nekesa aliizunguka ile nyekundu akaigusa taa, akaigusa kiti. Halafu akanitazama. Nikamvalisha helmeti nikamfunga kidevuni, nikampandisha. Miguu yake ilifika kwenye ubao alipojisogeza mbele ya kiti. Nikamwambia, "Shika breki." Akanyoosha vidole. Ncha zilifika. Ncha tu, Simiyu, kucha kabisa, na ili zifike ilibidi kiganja kiachie kipini. Niliona. Nataka ujue kwamba niliona kwa macho yangu. Na moyoni nikasema vile ninavyosema kuhusu mikono ya masweta, kwamba itafika tu.

Bwana Nazir akachukua ile kamba iliyo nyuma, ile ambayo ikichomoka injini inazima, akaniwekea ncha yake kwenye kiganja na kunikunja vidole. "Wewe kazi moja tu. Hapana achilia." Kisha akaiwasha, akamwonyesha mtoto kidude cha mafuta kinachobonyezwa na kidole gumba. "Pole pole, mama. Pole pole kama unaamsha paka."

Aliamsha. Mara ya kwanza ikasogea kidogo ikasimama, akacheka. Mara ya pili akabonyeza mpaka mwisho.

Sijawahi kukimbia hivyo. Nilikuwa nyuma yake na ile kamba, viatu vya ngozi vinateleza kwenye majani, na niliona mkono wake ukitafuta breki. Vidole vinafunguka na kufunga, vinashika hewa. Akijisogeza mbele kuifikia breki, mwili mzima unalala juu ya kile kidole gumba na mashine inazidi. Aliita. Hakuniita mimi. Aliita, "Baba!" Na ua wa kayaba haukuwa mbali hata kidogo, sijui nilipouona uko mbali nilikuwa naangalia nini. Nilitaka kuvuta kamba nikasahau namna ya kuvuta. Mkono wote ulikuwa umeganda. Nikafanya kitu kimoja nilichoweza, nikaanguka. Nilianguka kifudifudi, mkono umeifumbata kamba, nayo kamba ikachomoka ikanifuata.

Injini ikanyamaza. Nilikuwa na majani mdomoni na nilisikia tu magurudumu yakiviringika yenyewe, taratibu, halafu hata hayo yakanyamaza. Niliogopa kuinua kichwa. Nilikaa pale chini nikasema nisiangalie, nisipoangalia bado haijatokea.

"Anko, umeharibu! Nilikuwa naenda!"

Hiyo ndiyo sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia, na ilikuwa inanigombeza. Alikuwa amekaa pale pale juu ya kiti, helmeti imemkaa upande, jani moja la kayaba limenasa kwenye kipini. Moja. Nikalia, Kaka. Nililia mbele ya Bwana Nazir na mbele ya mtoto, na ngozi ya kiganja imechubuka yote, na sikuona haya.

Shemeji alikuwa ameshafika. Sijui aligeuka saa ngapi. Hakupiga kelele. Alimshusha mtoto, akamkagua mkono huu na huu, akamgeuza, akamkagua mgongo. Kisha akaushika mkono wake akauweka juu ya kipini, akaviangalia vile vidole vilivyokuwa havifiki. Halafu akanitazama, mimi nikiwa bado nimepiga magoti kwenye majani na futi linaning'inia shingoni.

"Wanjala. Ulimwekea ya kukua?"

Katika dunia yote ni yeye peke yake angeweza kuuliza swali hilo. Bwana Nazir hakulielewa, nilimwona anatutazama mmoja baada ya mwingine. Niliitikia kwa kichwa. Akainama akalivua lile futi shingoni mwangu, akalikunja vizuri, akalitia kwenye mkoba wake na kuufunga.

"Hapa hushoni nguo," akasema.

Nitakwambia nilichokuwa nawaza pale chini, kwa sababu ni wewe tu utakayeelewa. Nilikuwa nawaza ile suruali yako ya kijivu. Ulipoanza kupungua ulikuwa unaniletea niibane kiuno, ukisema mashine imepunguza petroli. Nilibana. Ukapungua tena, ukaleta tena. Lakini sikukata kitambaa, Kaka. Nilikikunja chote ndani. Mpaka siku moja uliigeuza ukaona yale makunjo, mengi, yamelala kiunoni kama magazeti. Ukaniuliza, "Breki, hii yote ni ya nini?" Nikakujibu, "Ya kukua." Tukacheka mpaka kifua chako kikakataa. Nilikuwa sitanii. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyokaa nifungue mshono mmoja baada ya mwingine, wewe ukinenepa. Ndiyo suruali tuliyokuzika nayo, na hakuna aliyejua kilichokuwa ndani isipokuwa mimi. Ilikuumiza kiunoni? Nimekuwa nikitaka kuuliza.

Basi. Tuendelee.

Shemeji ndiye aliyesema ile ya manjano ishushwe. Nilidhani angesema turudishe zote mbili, na nilimwambia hivyo, nikamwambia tumeshajaribu, inatosha. Akanijibu, "Si umeona alivyoita? Mimi nimesikia nikiwa kule. Simwachi aondoke hapa sauti hiyo ikiwa ndiyo ya mwisho." Ana moyo yule mwanamke, Simiyu. Ulijua unamwoa nani.

Nikampandisha Nekesa. Safari hii sikuwa na futi, nilikuwa na macho tu. Akakaa, miguu yote ikalala juu ya ubao. Nikamwambia asimame, akasimama, na magoti bado yamekunjika kidogo, inavyotakiwa. Nikamwambia ashike breki. Vidole vyote vikazunguka, vikafunga, na kiganja hakikuachia kipini. Nikamwambia ashike tena. Tena. Nilimshikisha breki mpaka Bwana Nazir akaketi kwenye ukingo wa pikapu akafungua chupa yake ya chai. Nikamwuliza ile skrubu uliyowahi kunionyesha iko wapi, inayozuia kidude cha mafuta kisibonyee mpaka mwisho. Akaniletea bisibisi. Niliikaza mwenyewe mpaka mwendo ukabaki wa mtu anayekwenda sokoni bila haraka.

Akaenda. Nilikimbia nyuma na kamba, ingawa kusema kweli nilikuwa natembea. Alikwenda, akashika breki, ikasimama. Akaenda tena, akakata kona upande wa kanisa, mgongo umenyooka kama wako, kile kiwiko cha kushoto kimetoka nje kama chako. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nilimtazama Shemeji nikaona naye amekiona kiwiko. Alikuwa anatutazama uso kwa uso sasa, mkoba uko chini kwenye majani.

Ndiyo kwodi tuliyochukua. Bwana Nazir alipopakia ile nyekundu aliniambia, "Hii ya manjano mwaka moja tu, Fundi. Baadaye unarudisha, napatia mtoto mwingine." Nikamwambia sawa. Nimechukua kitu kinachomwenea mtoto leo, na kila nikikiangalia naona kimepungua mahali. Mkono unawasha kutaka kuongeza. Mwakani magoti yatapanda hadi kwenye vipini, naye atakuja kuniambia, na itabidi nianze kuogopa upya na mashine nyingine. Nimemwambia Shemeji akae na lile futi mpaka kesho asubuhi.

Bado naogopa. Usidhani barua hii inakwisha na mimi nimekuwa shujaa. Sasa hivi ninavyoandika niko hapa kwako, nayo ipo pale nje chini ya dirisha, nimeifunika shuka, na kila upepo ukiiinua nasimama kuangalia. Naogopa mteremko wa kwa kina Mama Njeri. Naogopa watoto wa jirani wasije wakaigeuza ile skrubu. Naogopa siku atakayojua kwenda bila mimi kushika kamba.

Leo tulipotoka kanisani tuliiosha pamoja, yeye anashika tambara, mimi mkono mmoja wa kuoshea. Alikuwa anasugua tairi. Bila kuinua uso, akaniuliza, "Anko, na wewe utakufa?"

Ungemjibu nini? Wewe ungepata la kumchekesha. Mimi nilifungua mdomo, na nilichotaka kumwambia ni kwamba hapana, sifi, nitakuwepo mpaka umalize shule, mpaka uolewe, mpaka uzeeke. Yote nilikuwa nayo tayari mdomoni, marefu, yamekunjwa. Nikayaacha.

Nikamwambia, "Leo sifi. Leo niko hapa tunaosha pikipiki."

Alifikiri. Akaniuliza, "Na kesho?"

"Kesho asubuhi uniulize tena."

Akasema sawa. Akarudi kwenye tairi lake.

Kwa hiyo na wewe, Kaka, sitakuahidi miaka. Leo mwanao amekula, ameoga, amelala, vidole vyake vyote viko mahali pake, na mimi niko mlangoni. Hiyo ndiyo ahadi, inafika hapo. Kesho nikiamka nitakuahidi tena.

Lala, ndugu yangu.

Wanjala